Kabla hujapandisha MySQL, irudishe nakala kwanza

Wenzangu mnaotunza mifumo ya shule hapa Kisumu: toleo la 5.7 la MySQL, programu ya kuhifadhi data, liliacha kupata masasisho Oktoba 2023. Hameni, lakini msianzie kwenye seva inayotumika. Ukishapanda hadi 8.0, data haishuki tena kwenda 5.7; njia ya kurudi ni nakala uliyotoa kabla kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala ya data. Na nakala usiyowahi kuirudisha usiitegemee. Ifungue kwenye kompyuta nyingine yenye 8.0, elekeza programu yako huko, kisha utoe kila ripoti, hata ile inayotumika mara moja kwa muhula.

Mimi nilinaswa na neno moja tu. Jedwali la matokeo lilikuwa na safu inayoitwa rank, na kuanzia 8.0 hilo ni neno lililotengwa la SQL yenyewe, lugha ya kuiuliza MySQL data. Ripoti za nafasi za wanafunzi zikakwama zote, wazazi wakisubiri. Badilisha jina la safu, au lizungushie alama ya ` kila linapotajwa. Groups nalo ni hivyo hivyo.

Baada ya hapo endelea hadi 8.4. Kutoka 5.7 huwezi kuruka moja kwa moja, lazima upitie 8.0. Na seva iwe kwenye UPS (betri ya akiba), stima isije ikapotea katikati.