Fremu inayojirudi nayo huchoka

Wauza miwani wa Makoroboi, Mwanza, wana mbwembwe moja: wanaikunja fremu kidoleni, wanaiachia, inarudi ilivyokuwa. Kama ni aloi ya nikeli na titani kweli (nyingine ni waya tu), hakuna kiini macho. Aloi hiyo huweza kuvutika hadi takriban asilimia 8 ikajirudi, wakati chuma cha kawaida hata asilimia 1 hakifiki.

Ila kujirudi si kutochoka. Kila mkunjo mkali unapanua nyufa ndogo sana, ambazo mara nyingi huanzia kwenye mkwaruzo au pale fremu ilipounganishwa na bawaba. Yangu nilizoea kuikunja kuwaonyesha watu. Siku moja nasubiri kivuko Kamanga, tak! Mkono wa fremu umebaki sikioni, na wala haikuwa imepinda hata kidogo kabla.

Kwa hiyo ivue kwa mikono miwili, usiichezee, na usiifute kwa mchanga wa ziwani. Ukiiacha juu ya dashibodi, jua la mchana huifanya iwe ngumu kukunja. Isubiri ipoe kwanza. Ukiona ufa karibu na bawaba, badilisha mkono huo mapema.