Mzigo umepita, we umekwama: jinsi ya kujipanga kuvuka mpaka kibiashara ndani ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki)

Wengi wetu tukisikia soko la pamoja la Afrika Mashariki tunawaza ushuru tu, mchele wa Mbeya unaingia Kenya bila ushuru wa forodha basi tunaona tumemaliza, kumbe itifaki ya soko hilo, yaani makubaliano ya nchi wanachama, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010 inagusa mzigo na inamgusa mwenye mzigo pia. Na biashara ndogo nyingi zinafia kwa mwenye mzigo. Mnunuzi wa Nairobi hakutumii hela kwa picha za WhatsApp, anataka akuone, achote punje kwenye gunia azitafune asikie kama mchele umekauka. Usipoenda we anaenda dalali, na faida inaishia kwake.

Kwa hiyo kabla hujapakia hata gunia moja jiulize unaenda kufanya nini hasa. Kuonana na mnunuzi, kutafuta wateja, kufuatilia malipo, hapo we ni mgeni: huombi viza, unapewa pasi ya kuingia bure mpakani na itifaki inaruhusu mpaka miezi 6. Kukodi fremu ukae unauza mwenyewe ni habari nyingine, hapo kuna vibali na leseni na kila nchi ina masharti yake. Tanzania mwaka 2025 ilizuia wasio raia biashara kadhaa, rejareja imo, uwakala wa pesa za simu umo, hata kununua mazao shambani, kwa hiyo ndugu zangu wa Kenya mnaofuata mazao huku ulizeni kwanza kabla ya kwenda kijijini na hela.

Karatasi sasa. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho tu tangu 2014, Mtanzania beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, unasimama mara moja tu, maafisa wa nchi zote mbili wako pamoja upande unaoingia.

Ukishagongewa muhuri USITOKE dirishani, soma siku ulizopewa. Mimi niliwahi kuondoka mbio maana lori lilikuwa linaningoja, mnunuzi akanizungusha malipo wiki mbili, kuja kufungua pasipoti siku zimeisha juzi yake, nikalipa faini iliyokula faida ya safari nzima. Waambie ukweli unaenda kibiashara na utakaa siku ngapi, zikiwa chache omba ziongezwe kabla hazijaisha.

Mzigo wenyewe ukiwa hauzidi dola 2000 na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika, omba cheti rahisi cha uasili (kinachothibitisha bidhaa imetoka ndani ya EAC) hapohapo mpakani, usimlipe mtu wa njiani akutafutie. Cheti cha afya ya mimea kitafute mapema kabla lori halijaondoka, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) iweke kwenye hesabu, kusamehewa ushuru wa forodha hakuifuti.

Barua ya mnunuzi inayosema anataka magunia mangapi, iprinti, maana simu ikizima chaji pale dirishani huna cha kuonyesha.