Gia Zikigoma: Pima Kwanza, Giaboksi Ishushwe Mwisho

Ukimpelekea fundi gari la zamani ambalo gia zake zinagoma, mara nyingi jibu huja kabla boneti haijafunguliwa: "Giaboksi imekwisha, tuishushe." Mimi sikubali haraka hivyo. Klachi isiyoachia, bushi (vipete vya plastiki au mpira vya kwenye viungo) zilizolika kwenye rodi za gia, au oili isiyofaa, zote huleta dalili hizo hizo, na karibu zote hutengenezwa giaboksi ikiwa pale pale ilipo. Kwa mwenye Peugeot 504 jambo hili ni zito zaidi, maana shafti yake inayopeleka nguvu nyuma imo ndani ya bomba linaloungana na giaboksi, na kuifungua si kazi ya kumaliza kabla ya adhuhuri. Tena gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Giaboksi yake si ya kutupiwa lawama bila ushahidi.

Hatua ya kwanza: injini ikiwa imezimwa

Egesha mahali tambarare. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja moja pamoja na rivasi. Gia moja ikikataa, lisogeze gari kidogo ujaribu tena, kwani pengine meno yamekutana ncha kwa ncha tu. Kisha washa injini urudie.

Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inanguruma, klachi haiachii. Zikigoma hali zote mbili, tazama rodi na bushi. Ikiwa ni gia moja tu inayosumbua na nyingine ni laini, hapo ndipo giaboksi yenyewe inapoanza kushukiwa.

Hatua ya pili: klachi

Injini ikishapata moto, bila kupiga resi, kanyaga klachi hadi chini, hesabu mpaka kumi, kisha tia rivasi. Magari mengi ya zamani hayana sinkro (ringi zinazosawazisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana) kwenye rivasi, kwa hiyo rivasi haifichi kitu. Ikikwaruza hata baada ya kuhesabu kumi, shafti ya giaboksi bado inazungushwa na injini.

Sasa anza na vitu vya bure. Toa kapeti zilizorundikana chini ya pedeli. Usicheke: kapeti mbili nene zinatosha kuizuia pedeli isifike chini. Halafu tazama pini inayounga pedeli na rodi ya masta silinda, ile pampu ya mafuta iliyo kwenye pedeli. Tundu lake likishakuwa yai, sehemu ya mwendo wa mguu wako hupotelea hapo.

Kwa klachi inayosukumwa kwa mafuta ya breki, fungua kikopo cha masta. Kama mafuta yamepungua, yamevuja mahali: funua mpira wa slevu silinda (ile ya upande wa giaboksi, inayousukuma mkono wa klachi), na papasa zulia chini ya pedeli, kwa sababu masta huvujia ndani ya gari. Pampu pedeli mara tatu za haraka. Gia zikilainika baada ya hapo, kuna hewa ndani au sili za masta zinapitisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu haina uhaba wa unyevu, basi yakishapiga weusi yamwage utie mapya. Usitie oili ya injini humo hata tone, mpira wa sili utavimba. Na yasimwagikie bodi, huibabua rangi.

Kisha mwenzako akanyage pedeli nawe uwe chini, gari likiwa juu ya stendi (jeki peke yake haiaminiki), utazame rodi ya slevu inavyousukuma mkono wa klachi. Kipimo cha mwendo wake kimo kwenye kitabu cha gari lako. Ikisogea pungufu, ugonjwa uko nje na hujafungua bolti hata moja. Ikisogea kamili na klachi bado haiachii, ndani kuna pleti iliyopinda, presha pleti iliyochoka, au beringi ya pailoti, ile ndogo iliyo mwisho wa krenki, imekwama. Beringi hii ikishika huizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia vizuri. Kuna mafundi wanaobadilisha klachi nzima wakairudishia beringi ile ile, na gari likatoka gereji na ugonjwa wake.

Volkswagen Beetle ina kebo. Pedeli yake iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuwa ngumu, na hurekebishwa kwa nati iliyo kwenye mkono wa klachi, upande wa kushoto wa giaboksi. Ile hozi inayopitisha kebo mwishoni inatakiwa ilegee kwa mpindo wa milimita 25 hadi 45. Ikinyooka, gari hutetemeka likiondoka.

Hatua ya tatu: rodi na bushi

Mmoja aichezeshe lever, mwingine atazame chini. Lever ikienda kabla rodi haijasogea, umepata ulichokitafuta. Beetle ina kifuniko kidogo chini ya kiti cha nyuma. Ndani yake mna kiungo cha rodi ya gia ambacho bushi zake hugeuka makombo kwa uzee. Magari yenye gia ya usukani, kama Peugeot 404, yana viungo vingi, na kila kimoja kikilegea kidogo, mwisho wake lever haijui gia ya kwanza iko wapi. Angalia pia mpira unaoshikilia giaboksi. Ukikatika, giaboksi hucheza na lever hufuata.

Hatua ya nne: oili

Fungulia ikiwa vuguvugu, kwenye karai safi. Pitisha sumaku. Vumbi laini la rangi ya dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni shaba ya ringi za sinkro. Vipande vinavyoshikwa ni chuma cha meno au cha beringi, na hapo kweli giaboksi ifunguliwe. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingia maji.

Soma kopo kabla ya kujaza. Vitabu vingi vya magari haya hutaka GL-4, daraja la oili ya gia linaloandikwa kwenye kopo. Oili nyingi za GL-5 zina kemikali zinazoweza kuila shaba, na pengine ni telezi mno hata ringi ya sinkro ishindwe kushika. Namba kubwa kwenye kopo haimaanishi oili bora.

Hatua ya tano: barabarani

Nenda upande wa Mazeras, kwenye miteremko nje ya Mombasa, saa ya malori machache. Ukishuka, tia gia ya tatu na uachie resi. Gia ikiruka kwenda fri, shuku springi na kidonge kinachoishikilia rodi ya ndani, foki (uma unaosukuma gia) iliyolika, au meno yaliyochongoka. Kelele ukiwa fri, inayonyamaza ukikanyaga klachi, ni beringi ya shafti ya mbele au ya shafti ya chini. Kelele inayoanza pale unapokanyaga ni rilizi beringi, ile inayoisukuma presha pleti.

Maswali ya wanachama wa klabu yetu ya magari ya zamani

*Mwanachama wa Likoni: Land Rover yangu Series IIA hukwaruza nikirudi gia ya pili, hasa ninapopunguza mwendo kuingia foleni ya feri. Sinkro imekwisha?*

Kaka, gari hilo lina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Sinkro za gia zote za mbele zilikuja na Series III, mwaka 1971. Kanyaga klachi, weka fri, achia klachi, piga resi kidogo, kanyaga tena, tia ya pili. Ikiingia kimya, huna ugonjwa.

*Mwanachama wa Kizingo: Corolla ya marehemu baba imekaa uani muda mrefu. Pedeli iko sawa, mafuta yapo, ila injini ikiwaka hakuna gia inayoingia.*

Pole, dada. Huenda pleti ya klachi imeshikana na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa kutu. Mji huu wa chumvi hufanya hivyo. Pasha injini moto, zima, kandamiza pedeli kwa kipande cha mbao usiku kucha. Asubuhi isipoachia, tafuta uwanja ulio wazi, mtu asisimame mbele. Tia gia ya pili, kanyaga klachi, piga stata. Gari litaondoka lenyewe. Klachi ikiwa chini bado, gusa breki kwa vipindi mpaka iachie. Ikishindikana, hapo ishushwe.

*Mwanachama wa Magongo: Nimeuziwa oili ya gia kwa ajili ya Mini yangu ya zamani, lakini sioni pa kuitia.*

Mzee wangu, hutapaona. Mini hiyo ya lever ya mkono, giaboksi yake iko chini ya injini na hutumia oili moja na injini. Irudishe dukani kopo likiwa halijafunguliwa.

*Mwanachama wa Changamwe: Fundi amenishauri nitie oili nzito zaidi ili kelele ipungue.*

Kelele itapungua, beringi itaendelea kula. Tena asubuhi gia zitakuwa ngumu zaidi. Akupe oili ya kitabu, kisha apime kelele inatoka wapi, klachi ikiwa juu na ikiwa chini.