Zimamoto wa kujitolea wa kijijini: uwaite lini, wakusaidie nini

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Natunza wazee kaskazini mwa jimbo la New York, mwendo wa saa moja kutoka Utica, na huu ni mwaka wa nne nimo katika zimamoto ya kujitolea ya kijiji chetu. Hatuna mshahara. Peja, kile kifaa kidogo cha kutuita kazini, ikilia, fundi bomba anaacha kazi ya watu, mfugaji anaacha ng'ombe, nami naacha unga wa chapati kwenye sinia, wote mbio kituoni. Ukiona gari la kawaida lenye taa ya buluu inayomulika nyuma yako, ni mmoja wetu. Mpishe.

Naandika kwa sababu nimeona watu wetu wakichelewa kutuita. Wengine wanaogopa bili, wengine wakiona sare wanadhani ni polisi. Kijijini kwetu ukituita kuzima moto hudaiwi hata senti; kituo kinaendeshwa kwa kodi ya majengo na kwa kuku wa kuchoma tunaowauza kiangazi. Gari la wagonjwa ni habari nyingine, hilo linaweza kutoza.

Kuhusu muda nitasema kweli. Kiwango cha kitaifa kwa zimamoto wa kujitolea vijijini ni watu 6 kufika ndani ya dakika 14, na hata hicho hutarajiwa mara 8 katika kila 10. Sofa likishika moto, dakika 14 ni nyingi mno. Kwa hiyo usianze kupambana kisha ndiyo upige simu. Toa watu nje, funga mlango nyuma yako, piga 911, namba ya dharura. Anza na anwani, kabla hujaeleza kilichotokea, maana simu ikikatika tutajua pa kwenda. Kiingereza kikikwama sema "Swahili" na usikate. Utaunganishwa na mkalimani. Namba ya nyumba isomeke usiku kutoka barabarani, na theluji uifyeke hadi gari kubwa lipite. Huku hakuna mabomba ya maji ya zimamoto barabarani. Maji tunayabeba kwenye lori, yakiisha tunavuta bwawani, basi kila dakika ya kutafuta nyumba yako inatuuma.

Sasa jikoni. Mafuta ya sambusa yakiwaka, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, uache hapo hapo. Usimwagie maji, usiibebe kwenda nje. Na king'ora cha moshi, jamani, msikitoe betri kwa sababu ya udi au samaki wa kukaanga! Nimeingia nyumba nyingi za watu wetu nikakuta kimelala kabatini. Kisogeze mita 3 hivi kutoka jikoni na ufungue dirisha ukifukiza. Kikishapita miaka 10 hakifai tena, hata kama bado kinalia. Tangu Aprili 2019, vya betri vinavyouzwa New York huja na betri isiyotoka, ya kudumu miaka 10. Ukishindwa kununua, pita kituoni ututajie. Vituo vingi vya zimamoto huja kukufungia bure.

Kinachoninyima usingizi zaidi ya moto ni kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Umeme ukikatika Januari, mtu anakumbuka nyumbani na kuingiza jiko la mkaa sebuleni. Usifanye hivyo hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi. Wala usipashe gari moto ndani ya gereji. Nyumba nzima ikiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, au king'ora cha gesi hiyo kikilia, tokeni nje na mtuite. Tunakuja na kipimo, tunakagua chumba kwa chumba hadi tujue inatoka wapi. Hutasumbua mtu, kazi hiyo ndiyo yetu. Tangu 2010, kwa Sheria ya Amanda, nyumba za kuishi New York zenye chombo kinachochoma mafuta, gesi au kuni, au gereji iliyoungana nazo, lazima ziwe na king'ora hicho, na ukiwa mpangaji, mwenye nyumba ndiye wa kukiweka. Mdai.

Majani na matawi ya shambani yana sheria yake. Kuchoma matawi ni marufuku jimbo zima kuanzia Machi 16 hadi Mei 14, kwa sababu theluji ikishayeyuka nyasi kavu hushika kama karatasi. Takataka za nyumbani hazichomwi mwezi wowote. Desturi yetu ya kufagia uwanja na kuwasha moto jioni iache Tanga.

Mengine mnayoweza kutuitia: gari limeingia mtaroni na mtu amebanwa ndani, waya wa umeme umeanguka barabarani, mama mzee ameanguka bafuni hana jeraha ila huwezi kumwinua. Hilo la mwisho watu wanaliona aibu. Mimi nimewainua wazee wengi, na ninamwamkia kila mmoja shikamoo kwa Kiingereza changu kabla sijamgusa.

Ukitaka kujiunga, njoo usiku wa mazoezi, kwetu ni Jumatatu, uingie kwa mlango mkubwa wa magari. Si lazima uingie motoni. Tunahitaji madereva, watu wa kusimamisha magari barabarani, na mtu anayeweza kupiga simu kwa familia ya Kikongo akaeleweka.