Namna ya Kusoma Matokeo ya Timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ya Msimu wa 1901

Kabla ya kuhesabu chochote, weka kando kanuni za leo za futiboli ya Kimarekani, kwa kuwa mwaka 1901 timu iliyovusha mpira mstari wa goli ilipata pointi 5, si 6, na goli la teke nalo lilikuwa na pointi 5. Kumbuka pia kwamba pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kuelekea goli la wapinzani, iliruhusiwa mwaka 1906 tu, hivyo mwaka 1901 yadi za kusogea mbele uwanjani zilitafutwa kwa kukimbia, kusukumana na kupiga teke. Ndipo utakapoona uzito wa kazi ya kocha wa Michigan, Fielding Yost: michezo 11, pointi 550 bila kufungwa hata moja, Buffalo ikilazwa 128–0. Mchezo dhidi ya Stanford, 49–0, ulichezwa tarehe 1 Januari 1902, lakini uuhesabu katika msimu huohuo.