Muiri: Acheni Kubandua Gome Kuzunguka Shina Lote

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na hata karibu na msitu wa Kakamega, miiri, miti ambayo gome lake hutengenezewa dawa, inaendelea kufa kwa kosa lilelile. Mnunuzi wa gome anafika shambani, analipa kwa kilo, anabandua shina pande zote kuanzia chini hadi tawi la kwanza, kisha anaondoka. Mti huo umeshakufa, hata kama majani yake bado ni mabichi.

Ubichi huo ndio unaowapotosha wengi. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia ndani ya mbao, kwa hiyo majani hayanyauki mara moja. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Shina likibanduliwa kwa kuzungushwa, njia hiyo imekatika. Mizizi inaishi kwa akiba yake, na akiba ikiisha mti unaanza kukauka kuanzia kileleni. Miezi mingi inakuwa imepita, na mwenye shamba analaumu ukame au ugonjwa. Si ukame, si ugonjwa. Wadudu wanaotoboa mbao na ukungu huja baadaye kumalizia tu.

Muiri (tendwet kwa Wakalenjin, mwiritsa kwa Waluhya, mkondekonde kule Kilimanjaro, kitaalamu Prunus africana) hauoti porini nje ya Afrika na visiwa vya jirani, tena kwenye nyanda za juu. Gome lake limekuwa likisafirishwa Ulaya tangu miaka ya 1960 kutengenezea dawa ya uvimbe wa tezi dume kwa wazee. Kwa sababu ya uvunaji huo, tangu 1995 umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka kati ya spishi zilizo hatarini kutoweka porini. Kule Kamerun uvunaji mbaya uliangamiza miti mingi, hadi mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasitisha kupokea gome kutoka nchi hiyo.

Sasa vipimo. Vifuateni kama vilivyo, msikadirie kwa macho.

Pima mzunguko wa shina kwa kamba, kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Ukipata chini ya sentimita 94, yaani kipenyo cha sentimita 30, usiuguse mti huo. Ukifikia kipimo, kunja kamba hiyo mara mbili upate robo nne, kisha weka alama nne za chaki kwenye shina. Unavuna robo mbili tu zinazotazamana. Robo mbili zilizo katikati yake zinabaki nzima kutoka mizizini hadi matawini, bila hata mkato mmoja wa kuzipitia. Anza mita 1 juu ya ardhi, koma kwenye tawi kubwa la kwanza. Matawi na mizizi haviguswi.

Tumia kisu kifupi chenye makali, na panga libaki nyumbani. Panga hukata hadi kwenye mbao, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Kata mistari kwa kina cha gome peke yake, kisha inua gome taratibu kwa kabari ya mti. Chini yake utaona utando laini unaoteleza: huo ndio unaozaa gome jipya. Usiukwangue, usiufute, usiushike kwa mikono. Kuna wanaoukwangua ili waongeze uzito wa gunia. Wanauza miaka yote ijayo ya mti kwa gramu chache!

Vuna mvua zikishakolea, Aprili au Novemba kwa walio upande wa Mlima Kenya, asubuhi yenye mawingu. Wakati wa kiangazi gome hung'ang'ania mbao, linatoka na ule utando, na jua linakausha kidonda.

Robo mbili zilizobaki zisubiri angalau miaka 8. Kanuni ya zamani ya miaka 4 au 5 imeonekana ni fupi mno. Gome jipya likifunika kidonda chote na kileleni kusiwe na matawi makavu, mmefanya vizuri.

Mnunuzi anayelipa kwa kilo atataka shina lote. Kubalianeni robo mbili kabla hajatoa pesa, na mwenye mti asimame pale hadi kazi iishe. Muulize pia kibali cha CITES, ambacho hapa Kenya hutolewa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Gome la msituni bila kibali msilinunue wala kulichanganya na lenu.

Na kwa wanaotaka kupanda: mbegu za muiri hazikai. Okota matunda yaliyoiva yenye rangi ya zambarau iliyokolea, toa nyama, osha, anika kivulini kidogo tu, kisha panda mara moja. Ukizianika juani au kuzihifadhi kama mahindi, kitalu hakitaota.