Kufika Visiwa vya Ssese kwa mashua ya tanga na kutia nanga

Hivi karibuni nilimwongoza nahodha aliyetoka Mwanza na familia yake kutembea Visiwa vya Ssese, vilivyo upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ambayo mvua hupungua na kusi huvuma. Maelezo niliyompa ndiyo haya.

Kwanza, maliza taratibu za uhamiaji na forodha kabla ya kuelekea visiwani.

Pili, safiri mchana tu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, pepo za pande zote hukutana juu ya maji, na kwa sababu hiyo dhoruba nyingi huzuka kati ya usiku na alfajiri. Isitoshe, wavuvi wa mukene, yaani dagaa, huonekana kwa taa zao, lakini nyavu za sangara zimetandazwa gizani na usukani huzinasa kwa urahisi.

Tatu, tia nanga jua likiwa bado juu. Mchana upepo hutoka ziwani na usiku hutoka nchi kavu, hivyo chombo kitageuka; hakikisha duara lote litakalozungukwa na mashua lina kina cha kutosha. Pima kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ya kupimia kina, hata kama una kipima kina cha umeme, maana bildi iliyopakwa grisi chini hukuletea tope au mchanga ukajua nanga itashika nini, ilhali kile cha umeme chaweza kuhesabu magugu kuwa ndiyo sakafu. Legeza amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, mara 5 ya kina, na mara 7 upepo ukizidi. Zaidi ya yote, kaa mbali na mafunjo, hata kama yanaonekana kukinga upepo. Mimi niliyaamini. Usiku pande la mafunjo lenye upana wa ua wa nyumba lilikatika ufukweni, likasukumwa na upepo wa nchi kavu hadi likalala juu ya amari, nanga ikaanza kuburuta, nami nikakata mizizi kwa panga kwa muda wa saa tano, nikiwa nimelala kifudifudi omoni, yaani mbele ya mashua. Tangu hapo panga langu hukaa omo, wala si jikoni.

Nne, usishuke ufukweni kwa kupita majini penye nyasi, kwani konokono wa kichocho huishi humo. Tumia gati au mtumbwi.

Asubuhi, ng'oa nanga polepole na uondoe gugu maji lote kabla ya kutweka tanga.